Nyumba zinarudi, wenyewe hawarudi: fundo la mitaa ya kale ya China

Juni 2025, mtaa mzima wa nyumba za matofali ulirudi mahali pake jijini Shanghai ukitembea kwa miguu. Nyumba hizo za Huayanli, katika eneo la Zhangyuan, zina uzito wa tani 7,500 hivi. Ziliinuliwa na roboti ndogo 432 zenye miguu, zikasogezwa kando taratibu, mita 10 kwa siku, ili chini yake pachimbwe maduka, maegesho ya magari na njia za kuunganisha treni za chini ya ardhi. Baadaye zikarudishwa pale pale zilipokuwa zimesimama tangu karne iliyopita. Video yake ilizunguka dunia nzima, na walioitazama walistaajabia uhandisi.

Swali ambalo video haikulijibu ni dogo tu: wenyeji wa nyumba hizo wako wapi? Walishalipwa fidia na kuondoka miaka kadhaa kabla roboti hazijaletwa. Upande wa magharibi wa Zhangyuan ulifunguliwa mwaka 2022, na waliofungua milango ni maduka ya mikoba na manukato ya kifahari. Kwa hiyo tofali limehifadhiwa kwa uangalifu wa ajabu, na mtaa, kwa maana ya watu wanaofahamiana na kugombania kamba ya kuanikia nguo, umekwisha.

Habari za mitaa ya kale ya China husimuliwa mara nyingi kama mechi ya timu mbili, tingatinga upande huu na wapenda turathi upande ule. Ukiisimulia hivyo hutaelewa kwa nini wakazi wengi wa mitaa hiyo walikuwa wakilisubiri tingatinga kwa hamu, wala kwa nini serikali ile ile iliyobomoa sasa inaandika kanuni za kukataza kubomoa. Fundo lenyewe halimo kwenye uzee wa nyumba. Limo kwenye maswali ya kawaida kabisa ya mjini: nani mwenye nyumba, nani alipie bomba la maji taka, na ardhi ikipanda bei faida inaingia mfukoni mwa nani.

Ua wa ukoo mmoja, familia kumi

Tuanze na nyumba zenyewe. Beijing tuijuayo ilichorwa na Kublai Khan, mtawala wa Kimongolia, aliyeanza kujenga mji wake mkuu hapo mwaka 1267. Vichochoro vyake huitwa hutong, na vingi hukatiza kutoka mashariki kwenda magharibi ili nyumba zielekee kusini, liliko jua. Nyumba ya kichochoroni, siheyuan, ni vyumba vilivyozunguka ua pande nne, na kwa nje unaona ukuta wa kijivu usio na madirisha na lango moja tu. Ilijengwa kwa ajili ya ukoo mmoja. Wazee walikaa upande wa kaskazini, ambao hupata jua la majira ya baridi, watoto wa kiume na wake zao wakakaa mashariki na magharibi, na watumishi kusini karibu na lango.

Baada ya mapinduzi ya 1949 watu walimiminika mji mkuu, na nyumba hazikutosha. Mwaka 1958 nyumba nyingi za kupangisha ziliwekwa chini ya usimamizi wa serikali. Mwaka 1966, Mapinduzi ya Utamaduni, kampeni kali ya kisiasa ya Mao Zedong, yalipoanza, wenye nyumba binafsi walishurutishwa kukabidhi hati zao, na familia nyingine zikaingizwa humo, chumba kimoja kimoja. Kisha, Julai 1976, likaja tetemeko la Tangshan. Watu wa Beijing waliogopa kulala ndani, wakajenga vibanda uani kwa matofali na mbao za kuokoteza. Tetemeko lilipita, lakini vibanda vilibaki. Vingine vikawa majiko, vingine vyumba vya vijana waliooa, na ua uliokuwa na mti na birika la samaki ukawa korido ya kupita mtu mmoja na baiskeli yake.

Shanghai ilifika huko huko kwa njia nyingine. Vita vya Taiping, uasi mkubwa dhidi ya ufalme wa Qing katika miaka ya 1850 na 1860, viliwasukuma wakimbizi kuingia kwenye maeneo ya mji yaliyokuwa mikononi mwa Waingereza, Wamarekani na Wafaransa. Wafanyabiashara wakawajengea nyumba za safu, zinazogusana ubavu kama za London lakini kila moja na kiua chake cha Kichina na lango lenye fremu ya mawe. Hizo ndizo shikumen. Nazo zilikusudiwa familia moja moja. Kufikia katikati ya karne ya 20, nyumba moja ilikuwa na familia nne, tano, sita. Kulikuwa na chumba kidogo juu ya jiko, kilichoelekea kaskazini, chenye baridi wakati wa baridi na joto wakati wa joto, nacho kilipangishwa kwa waandishi na wanafunzi maskini. Jiko la pamoja lilikuwa na balbu kadhaa zikining'inia, kila moja na swichi yake ndani ya chumba cha mwenyewe, mtu asije akamwangazia jirani kwa umeme wake.

Ukiielewa hiyo balbu umeelewa nusu ya tatizo. Mkazi wa nyumba hizi kwa kawaida si mwenye nyumba wala si mpangaji wa kawaida. Ana haki ya kukaa kwenye chumba cha serikali kwa kodi ndogo mno, na haki hiyo huweza kubaki kwa wanawe. Paa likivuja, yeye husema ukarabati ni kazi ya idara ya nyumba. Idara nayo husema kodi inayokusanywa haitoshi hata vigae. Hakuna mwenye nyumba nzima, basi hakuna anayeitengeneza nzima. Watalii waliopiga picha za hutong katika miaka ya 1990 waliona uzee wa kupendeza. Mengi kati ya waliyoyaona yalikuwa uchakavu wa nyumba zilizokosa mwenyewe kwa miaka 40.

Shauri lililokataliwa

Kulikuwa na njia nyingine, na ilipendekezwa mapema. Februari 1950, wasanifu Liang Sicheng na Chen Zhanxiang waliiandikia serikali mpya pendekezo: msijenge wizara ndani ya Beijing ya kale, jengeni kituo kipya cha utawala magharibi ya mji, mji wa kale uachwe upumue. Washauri wa Kisovieti walitaka wizara ziwe katikati, na viongozi wa Chama cha Kikomunisti walielekea huko huko. Kujenga mahali papya kulionekana ni gharama. Pendekezo likatupwa, na Liang baadaye alishambuliwa kisiasa kwa mawazo yake. Alitaka hata ukuta wa mji ugeuzwe bustani ya juu ambako watu wangetembea na kupumzika. Badala yake ukuta ulivunjwa kidogo kidogo, na sehemu kubwa ya iliyobaki iliondoka wakati wa ujenzi wa reli ya chini ya ardhi ulioanza mwaka 1965. Ukipanda leo treni ya mstari namba 2 unazunguka pale ulipokuwa ukuta. Majina mengi ya vituo ni majina ya malango ambayo hayapo.

Jambo ambalo wengi hulipita haraka ni kwamba shauri hilo lilijaribiwa mahali pengine, likafanikiwa. Suzhou, mji wa mifereji ulioko karibu na Shanghai, una ramani iliyochongwa kwenye jiwe mwaka 1229, na ukiiweka kando ya ramani ya leo utaona mpangilio wa mitaa na mifereji mingi bado unalingana. Mpango mkuu wa Suzhou wa mwaka 1986 uliamua mji wa kale ulindwe wote na ujenzi mkubwa uende nje. Mtaa mpya ukakua magharibi, na kuanzia mwaka 1994 eneo la viwanda lililoanzishwa kwa ubia na Singapore likakua mashariki. Ndani ya mji wa kale majengo hayaruhusiwi kuvuka mita 24. Suzhou nayo ilibomoa nyumba na kupanua barabara, na Mtaa wa Pingjiang siku za sikukuu hujaa wageni hadi hapapitiki. Lakini shinikizo la minara lilipata pa kwenda. Beijing iliweka wizara, maduka na benki zote katikati, na kila moja ikahitaji kiwanja.

Ardhi ndiyo iliyolipa

Katiba ya China ya mwaka 1982 inasema ardhi ya mijini ni mali ya dola. Mwaka 1988 katiba ilirekebishwa, ikaruhusu haki ya kutumia ardhi iuzwe; kanuni za mwaka 1990 zikaweka muda: miaka 70 kwa makazi, 40 kwa biashara. Kisha mwaka 1994 serikali kuu ilibadili mgawanyo wa kodi. Ilijichukulia fungu kubwa zaidi, lakini ikaziachia serikali za miji mzigo wa shule, barabara na hospitali. Meya aliyebaki na bajeti yenye pengo alikuwa na bidhaa moja ya kuuza, na bidhaa hiyo ilikuwa ardhi. Ardhi ya bei kubwa kuliko zote ilikuwa katikati ya mji, chini ya vibanda na vyumba vya watu waliolipa kodi ya pango ndogo kuliko wote.

Hapo bomoabomoa ikashika kasi. Shanghai ilijiwekea lengo mwaka 1992 la kuondoa hekta 365 za nyumba mbovu kufikia mwaka 2000. Beijing ilikuwa na mpango wake wa nyumba chakavu tangu mwaka 1990. Herufi moja yenye maana ya bomoa, iliyozungushiwa duara, ikaonekana kwenye kuta kila upande. Walengwa walihamishiwa kwenye maghorofa ya pembezoni, nyumba yenye choo chake na jiko lake, lakini saa nzima au zaidi kutoka kazini, mbali na hospitali kubwa na mbali na shule nzuri. Machi 2007, mwezi ule ule bunge lilipopitisha sheria ya mali, picha ya nyumba moja ya Chongqing ilienea kila mahali. Ilikuwa imesimama peke yake juu ya kichuguu cha udongo katikati ya shimo kubwa la ujenzi, kwa sababu wenyewe walikataa fidia. Wachina huziita nyumba za aina hiyo misumari, maana hazing'oki.

Kanuni zilibadilika Januari 2011. Tangu hapo nyumba huchukuliwa kwa maslahi ya umma tu, fidia isipungue bei ya soko, na serikali ya mtaa haiwezi tena kuamuru yenyewe watu wang'olewe kwa nguvu. Ni lazima iombe mahakamani. Kwenye karatasi ni hatua kubwa. Kwenye uwanja, maneno "maslahi ya umma" yana nafasi pana, na ukarabati wa mtaa chakavu ni mojawapo ya yanayotajwa.

Wanaotaka kubomolewa

Hapa wapenda turathi wa nje huwa hawapendi kusikiliza. Katika vichochoro vingi vya Shanghai watu walijisaidia ndooni na kuimwaga kila asubuhi hadi miaka ya karibuni kabisa. Jiji limeendesha kampeni ya miaka mingi kukomesha ndoo hizo. Katika hutong za Beijing, familia nyingi bado hutumia choo cha umma mwisho wa kichochoro, hata usiku wa Januari barafu ikiwa imeganda. Kabla umeme haujaenezwa kwa ajili ya kupashia joto, vyumba vilipashwa kwa makaa, na moshi wake uliua watu usingizini. Mzee mwenye magoti mabovu hana deni lolote kwa mtalii anayependa paa la vigae vya kijivu.

Zaidi ya hapo kuna fedha. Familia iliyokaa kwenye mita za mraba 12 katikati ya Shanghai haina akiba ya kununua nyumba popote mjini. Fidia ya kubomolewa ndiyo ilikuwa nafasi yao moja maishani ya kupata mali. Kuna kipindi fidia ilihesabiwa kwa vichwa vya watu waliosajiliwa katika nyumba, na ghafla shangazi, mpwa na mjukuu wakaonekana kwenye usajili. Baadaye ikahesabiwa kwa ukubwa wa vyumba, na ugomvi ukahamia kwenye kupima. Ndugu walipelekana mahakamani kwa ajili ya chumba ambacho hakuna aliyekuwa akikitaka kabla.

Shanghai ilitengeneza utaratibu ambao, kwa maoni yangu, unaonyesha jambo hili wazi kuliko hotuba yoyote. Mtaa huulizwa mara mbili. Mara ya kwanza, asilimia 90 ya kaya wakubali kwamba wanataka ukarabati wa kuhamishwa. Mara ya pili, baada ya viwango vya fidia kutangazwa, asilimia isiyopungua 80 wasaini mikataba, la sivyo mradi hauendelei. Mitaa mingi hupita kwa kura nyingi kuliko zinazohitajika. Pia ni kweli kwamba utaratibu huo huwageuza majirani kuwa askari wa serikali. Asiyesaini huwakwamisha wengine wote kupata fedha zao, na hodi mlangoni kwake zitapigwa na jirani aliyekuwa rafiki yake kwa miaka 30, si na afisa.

Kuta bila watu, watu bila kuta

Turudi kwenye hifadhi, maana nayo ina sura nyingi na si zote za kusifiwa.

Mfano uliozaa watoto wengi kuliko yote ni Xintiandi ya Shanghai, iliyofunguliwa mwaka 2001. Katika eneo hilo ipo nyumba ambamo Chama cha Kikomunisti kilifanya mkutano wake wa kwanza mwaka 1921, kwa hiyo majengo marefu karibu nayo yalizuiwa. Kampuni ya Shui On ya Hong Kong, pamoja na msanifu Mmarekani Benjamin Wood, iliziacha kuta za shikumen, ikatoboa na kujenga upya ndani, ikaweka mikahawa na maduka. Wakazi walihamishwa. Eneo lilipendwa mno, na ardhi ya jirani, ambayo kampuni ilijenga maghorofa ya kifahari, ikapanda bei. Huo ndio ulikuwa ufunguo wa hesabu: mtaa wa kale ulikuwa pambo la kuuzia minara ya pembeni. Mameya wa miji mingine walikuja, wakaona, wakarudi kwao kujenga Xintiandi zao. Sikatai kwamba tofali liliokolewa. Lakini somo walilobeba ni kwamba mji wa kale unafaa ukishaondolewa watu.

Si mbali na hapo, Tianzifang ilikwenda kinyume. Mchoraji Chen Yifei alifungua karakana yake huko mwaka 1998, wasanii wengine wakamfuata, na mpango wa kubomoa eneo ukasitishwa. Wakazi wenyewe walianza kupangisha vyumba vyao vya chini kwa maduka, mara nyingi bila kibali, hadi mamlaka zikakubali yaishe. Hapa hakuna aliyefukuzwa na fedha ziliingia mikononi mwa wenyeji. Lakini wa chini alivuna kodi, wa juu akavuna kelele, harufu za mafuta ya kukaangia na umati wa watu ngazini mwake. Wengi wakapangisha nao wakahama. Miaka ikapita, na wasanii walioanzisha mambo wakashindwa kumudu kodi. Nanluoguxiang, hutong maarufu ya Beijing, ililemewa vivyo hivyo hadi mwaka 2016 ikaomba yenyewe kuvuliwa daraja la kitalii ililokuwa nalo, na makundi ya watalii wanaoongozwa yakazuiwa.

Sura mbaya kuliko zote ni kubomoa cha kweli na kujenga cha bandia. Mtaa wa Qianmen, kusini mwa uwanja wa Tiananmen, ulifunguliwa upya kabla tu ya Michezo ya Olimpiki ya 2008, na sehemu kubwa ya uso wake wa kale ni mpya. Datong, mji wa makaa ya mawe mkoani Shanxi, ulijenga upya ukuta wake mzima huku maelfu ya nyumba za ndani ya ukuta zikiondolewa. Machi 2019 wizara inayohusika na nyumba na miji, pamoja na idara ya turathi, ziliukaripia hadharani mji wa Datong pamoja na Liaocheng, Luoyang, Hancheng na Harbin kwa namna zilivyotunza miji yao ya kale.

Na kuna tukio ambalo lingekuwa kichekesho kama lisingekuwa la kweli. Januari 2012 iligundulika kwamba nyumba ya hutong ambamo Liang Sicheng na mkewe, msanifu Lin Huiyin, waliishi katika miaka ya 1930 ilikuwa imebomolewa. Ilikuwa imeorodheshwa kama turathi. Maelezo yaliyotolewa yalikuwa kwamba ilibomolewa kwa ajili ya ukarabati, kwa sababu ilikuwa mbovu. Mhusika alitozwa faini ya yuan 500,000, ambayo ukiilinganisha na bei ya kiwanja katikati ya Beijing ni chenji. Mtu aliyetumia maisha yake kuitetea Beijing ya kale hakuachiwa hata nyumba yake.

Kashgar, katika mkoa wa Xinjiang, inahitaji kutajwa peke yake. Mwaka 2009 serikali ilianza mpango wa kujenga upya sehemu kubwa ya mji wa kale wa Waighuri, jamii ya Waislamu wa huko, nyumba za udongo na mbao zilizobanana kwenye vichochoro vya kufunikwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa tetemeko la ardhi, na sababu hiyo haikuwa ya kubuni. Kashgar iko kwenye ukanda wa mitetemeko, na mwaka mmoja kabla ya hapo tetemeko la Wenchuan lilikuwa limeua makumi ya maelfu huko Sichuan. Lakini kati ya kuimarisha nyumba na kuibomoa kuna ngazi nyingi, na Kashgar ilipelekwa haraka kwenye ngazi ya mwisho. Nyumba nyingi zilijengwa upya kwa matofali na zege, zikapakwa rangi ya udongo ili zifanane na za zamani. Kwa jamii ambayo lugha yake, dini yake na hata safari zake zinabanwa na dola hiyo hiyo, huwezi kuutazama mradi huo kama suala la uhandisi tu. Msanifu anaweza kueleza nguzo. Hawezi kueleza kwa nini wenye mji hawakuwa na sauti ya kukataa.

Sindano badala ya tingatinga

Walikuwapo pia waliotafuta njia ya katikati. Profesa Wu Liangyong wa Chuo Kikuu cha Tsinghua, aliyekuwa amefanya kazi na Liang, aliamini mji hubadilika kama kiumbe hai, seli moja moja, na kwamba nyumba mpya inaweza kuzaliwa ndani ya umbo la zamani. Awamu ya kwanza ya mradi wake wa Ju'er Hutong ilimalizika mwaka 1990: nyumba za ghorofa mbili na tatu zikizunguka nyua, zenye vyoo na majiko, paa zikifuata kimo cha mtaa. Ulisifiwa kimataifa na kupata Tuzo ya World Habitat. Hata hivyo wengi wa wakazi wa awali hawakurudi, kwa sababu vyumba vipya viliuzwa na bei yake, ingawa ilipunguzwa, ilikuwa juu ya uwezo wao. Usanifu ulitatua ua. Haukutatua umiliki.

Jaribio ninaloliheshimu zaidi ni dogo kiasi cha kuchekesha. Dashilar ni mtaa ulio hatua chache kutoka Qianmen, na tangu mwaka 2011 ulichukua mwelekeo tofauti: anayetaka kuondoka analipwa aondoke, anayetaka kubaki abaki, na vyumba vilivyoachwa vinatengenezwa kimoja kimoja. Msanifu Zhang Ke alipewa ua mmoja katika kichochoro cha Cha'er, hekalu la zamani lililogeuka makazi ya familia nyingi. Kawaida ya wahifadhi ni kufagia vibanda vya uani kama takataka ili kurudisha umbo la awali. Yeye aliviacha. Kibanda kimoja kilichokuwa jiko akakifanya chumba cha sanaa cha mita za mraba 6, na chini ya paa la nyumba akaweka maktaba ya watoto ya mita za mraba 9. Hoja yake ni nzito kuliko ukubwa wake: vibanda hivyo navyo ni historia, miaka 50 ya watu wa kawaida waliojitafutia nafasi. Mwaka 2016 mradi huo ulipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo. Wasomaji wa Zanzibar wanalijua jina hilo, kwa kuwa taasisi ya Aga Khan ya utamaduni ndiyo iliyokarabati bustani ya Forodhani na jengo la Zahanati ya Kale katika Mji Mkongwe.

Guangzhou nayo ina kisa chake. Mtaa wa Enning ulipangiwa kubomolewa mwaka 2006, wakazi na vijana wa vyuo wakapinga kwa miaka, na sehemu iliyobaki, Yongqing Fang, ikafunguliwa mwaka 2016 baada ya Vanke, kampuni kubwa ya ujenzi wa nyumba, kuikarabati kwa mkataba wa kuiendesha miaka 15. Xi Jinping aliitembelea Oktoba 2018 na kusema kazi ya mji inataka uangalifu wa mdarizi. Tangu hapo neno "kudarizi" limo katika kila hotuba ya mipango miji. Nenda leo utakuta mikahawa mizuri na bei za mikahawa mizuri.

Fedha zikikauka

Mabadiliko ya sera ni ya kweli. Mpango mkuu wa Beijing ulioidhinishwa mwaka 2017 uliweka bayana kwamba mji wa kale, kilomita za mraba 62.5, haubomolewi tena. Mwaka huo huo Shanghai iligeuza mpangilio wa vipaumbele vyake, kuhifadhi kukatangulia na kubomoa kukawa mwisho. Agosti 2021 wizara ya nyumba na miji ilitoa waraka wenye namba zinazopimika: katika eneo la ukarabati, majengo yanayobomolewa yasizidi asilimia 20 ya yaliyopo, angalau nusu ya wakazi wanaohamishwa wapewe makazi hapo hapo au karibu, na kodi za nyumba zisipande zaidi ya asilimia 5 kwa mwaka. Mwaka 2024 mhimili wa kati wa Beijing, safu ya majengo na malango ya kihistoria yenye urefu wa kilomita 7.8 kutoka Mnara wa Kengele hadi lango la Yongdingmen, uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Lango hilo la mwisho lilibomolewa mwaka 1957 na lililopo lilijengwa mwaka 2004, lakini tuyaache hayo.

Je, wameshawishika na hoja za Liang Sicheng, miaka 70 baadaye? Wengine ndiyo. Lakini tazama pia namba za ardhi. Mwaka 2021 serikali za mitaa kote nchini zilipata yuan trilioni 8.7 kwa kuuza haki za ardhi. Mwaka 2024 zilipata chini ya trilioni 5. Wajenzi wakubwa wamefilisika au wamelemewa na madeni, na maghorofa mapya hayana wanunuzi. Kubomoa mtaa na kuwalipa maelfu ya watu ili uuze kiwanja kisicho na mteja ni hasara. Kwa hiyo hifadhi imepata nguvu wakati ule ule ambapo bomoabomoa imeacha kulipa.

Hilo linaleta shida mpya, nayo sioni ikijadiliwa vya kutosha. Mfumo wa zamani, pamoja na ukatili wake, ulijilipia: kiwanja kilifidia kila kitu. Kudarizi hakujilipii. Chukua utaratibu ambao Beijing imeutumia tangu mwaka 2019, kwanza maeneo ya Caishikou na Yu'er Hutong. Mpangaji wa chumba cha serikali anayetaka kuondoka huomba mwenyewe, hupokea fidia, na anaweza kupata nafasi ya kununua nyumba ya ruzuku mahali pengine. Anayebaki anaahidiwa ukarabati. Hakuna wa kumlazimisha, na hilo ni jambo jema.

Sasa fanya hesabu ya ua mmoja wenye kaya kumi. Sita wameondoka. Kampuni ya serikali imewalipa kwa bei ya katikati ya Beijing na imebaki na vyumba sita vilivyotawanyika, kimoja hapa, viwili kule, baina ya majirani wanne ambao hawana mpango wa kuhama. Haiwezi kujenga hoteli wala ofisi. Inaweza kukarabati vyumba hivyo na kuvipangisha kwa vijana wa ofisini au kwa duka la kahawa, na itachukua miaka mingi sana kodi hiyo irudishe fedha iliyotoka. Ndani ya lango moja, mmoja analipa kodi ya soko na mwenzake analipa kodi ya serikali ambayo haijapanda kwa miaka. Mpangaji mpya ana choo chake cha ndani. Bibi wa chumba cha pili anavuka kichochoro kwenda choo cha umma, kwa sababu bomba la maji taka la kumfikia lingepita chini ya jiko alilojenga jirani yake baada ya tetemeko la 1976. Jiko hilo halina kibali. Kulivunja ni kumnyang'anya mtu mita za mraba 4 alizopikia maisha yake yote, na kulilipia fidia ni kukiri kwamba lilikuwa mali yake, jambo ambalo idara ya nyumba haitaki kuliandika popote. Wanamipango wa wilaya wanakwenda kukaa na majirani hao, chai mezani, kikao baada ya kikao, wakitafuta mahali pengine pa kupitisha bomba.